Amelala, Mfunue

Asubuhi ile Inspekta alirudi kiwandani kwa kazi ya kufunga faili tu, si ya kulifungua upya. Mtuhumiwa alikuwa rumande, na alikuwa amekiri kwa mdomo wake mwenyewe. Kilichobaki ni picha za mashine, kwa kuwa zile za kwanza zilitoka na ukungu wa mvuke.

"Afande, hii mechi imeshaisha," alisema Koplo, huku akishuka kwenye gari na kamera yake kifuani. "Tumekuja kuokota mpira tu."

Inspekta alicheka. Baadaye alikikumbuka kicheko kile na kutamani angekimeza.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kama ilivyoonekana. Marehemu alikuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha rangi. Watu walimwita Kipenga, kwa ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake wakati wote, na kwa sauti yake isiyohitaji filimbi. Alikuwa juu ya jukwaa la mashine mfuniko ulipofumuka, akababuliwa na maji ya rangi yaliyokuwa yakichemka. Aliyekuwa chini yake, kwenye ubao wa swichi, alikuwa mtia rangi mkuu, kaka yake wa tumbo moja. Huyo walimwita Nili, kwa sababu ya rangi ya buluu iliyokataa kutoka kwenye kucha zake tangu ujana wake. Siku chache kabla ya hapo ndugu hao walikuwa wamegombana mbele ya watu, kitambaa kilipotoka na rangi isiyo yake.

Halafu kulikuwa na maneno. Mlinzi wa mlangoni, mgeni kazini, alieleza kwamba alisikia mvuke, akasikia yowe, akasikia Nili anapaza sauti: "Amelala! Mfunue!" Wenzake walikuwa wameufunika mwili kwa kitambaa kibichi. Inspekta aliunganisha hayo, akamwona mtu anayetaka afunuliwe maiti ya mdogo wake aitazame kazi ya mikono yake. Alimtoa Nili kiwandani na pingu, mchana kweupe, kupitia katikati ya ua, wafanyakazi wote wakiwa wamejipanga madirishani. Nili hakujitetea. Alisema tu, "Ni mimi nimemuua ndugu yangu," na tangu hapo akawa kama bubu.

Chumba cha rangi kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho hata akisimama tu. Mashine zenyewe wafanyakazi waliziita mitungi, ingawa zilikuwa mapipa ya chuma yaliyolazwa, kila moja refu kama chumba cha kulala, na mfuniko wake juu. Meneja, mtu mwenye shati jeupe asiyependa kuegemea kitu, alieleza namna zinavyofanya kazi. Kitambaa hushonwa ncha kwa ncha kikawa pete moja ndefu, kikazungushwa humo ndani bila kupumzika, na pampu ikayasukuma maji ya rangi kukipitia kote, ili pasiwe na sehemu iliyokunywa kuliko nyingine. Maji hupikwa kupita mchemko wa kawaida, mvuke ukabanwa ndani. Kikitolewa mapema kinatoka mabaka.

"Na mabaka, Inspekta, ni aibu. Mtia rangi akitoa mabaka hata chai anakunywa amegeukia ukutani."

"Na mfuniko ukifunguliwa kabla mvuke haujapoa?"

"Hauwezi kufunguka. Kuna pini inayouzuia."

"Nionyeshe."

Alionyesha, kwa shingo upande. Pini ilikuwapo, ila ilikuwa imevutwa nyuma na kufungwa kwa waya, na waya wenyewe ulikuwa na kutu ya siku nyingi.

"Ilikuwa inang'ang'ania," alisema meneja, akiangalia viatu vyake. "Kipuri kimeagizwa."

"Kwa hiyo mnajuaje wakati wa kufungua?"

"Taa. Nyekundu, mvuke bado. Kijani, tayari. Aliye chini anaangalia taa, aliye juu haioni, basi wa chini anamwambia wa juu."

"Na hii saa ya presha?"

Kioo chake kilikuwa kimerukiwa na rangi mpaka mshale hauonekani. Koplo akakipiga picha.

Ilikuwa wakati huo ndipo mwanamke mmoja kwenye mtungi wa pili alipopaza sauti kumwambia mwenzake aliye jukwaani:

"Bado hajalala! Ngoja kidogo, usimfunue!"

Inspekta aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Nani hajalala?" aliuliza.

"Mtoto," yule mwanamke alijibu, akishangaa kuulizwa. Akaupiga mtungi kofi dogo la mapenzi. "Huyu. Akiwa na mvuke yuko macho, analia. Mvuke ukiisha, amelala, unamfunua unamtoa. Tumesema hivyo tangu tulipoanza kazi."

Koplo aliishusha kamera.

Inspekta alihisi uso wake ukiwaka, na haikuwa kwa sababu ya mvuke. Alienda hadi mlangoni, akamwita mlinzi, akamuuliza tena: yowe lilitangulia, au yale maneno?

"Afande, nilikwambia siku ile. Vyote vilikuja kwa pamoja. Wewe ndiye uliyevipanga."

Ilikuwa kweli. Alivipanga yeye, kwa sababu vilipangika vizuri. Na akiwa amevipanga hivyo alikwenda nazo habari hizo hadi nyumbani kwa mama wa ndugu wale wawili, bibi aliyekuwa akiishi na marehemu, akamweleza yote mbele ya waombolezaji. Alimwambia mzazi kwamba mwanawe mmoja amemuua mwingine, kisha akasimama juu yake akisema amelala, mfunue. Bibi hakulia. Alisema, "Basi sina mtoto huko ndani mlikomweka," na tangu siku ile hakumpelekea Nili hata maji. Inspekta aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo hana hatia?" Koplo aliuliza walipotoka uani.

"Tulia kwanza. Yale maneno aliyasema kabla, si baada. Alimwambia ndugu yake amelala, mfunue. Na mtoto alikuwa macho."

"Taa ilikuwa nyekundu."

"Taa ilikuwa nyekundu, na yeye anaiangalia, na mdogo wake yuko juu anangoja neno lake."

Koplo alipiga mluzi wa chini. "Hapo tumetoka kwenye moto tukaingia kwenye tanuri. Amemuua kwa neno moja."

Ndivyo ilivyoonekana, na mtu mwingine angeridhika. Inspekta alikuwa ameridhika mara moja tayari, na ladha yake ilikuwa bado mdomoni. Alirudi kwenye ubao wa swichi, akainama. Taa ilikuwa moja, mpya, kioo chake kikimeta kati ya vumbi. Juu yake kulikuwa na tundu lililozibwa kwa utepe mweusi, na chini yake tundu jingine, limezibwa vilevile.

"Hapa palikuwa na taa mbili," alisema.

"Zilikuwa mbili," alikubali meneja. "Nyekundu juu, kijani chini. Zikaungua. Fundi umeme akaweka hii moja ya kisasa, inabadilika rangi yenyewe. Mitungi mingine bado ina zile mbili mbili."

"Lini?"

"Wiki ileile ya ajali. Kabla yake kidogo."

Inspekta aligusa utepe wa juu, kisha wa chini. Taa mbili, mtu anaweza kujua hata akizisoma kwa mahali: inayowaka ni ya juu au ya chini. Moja ikibaki, kinachosema ni rangi peke yake.

"Kile kitambaa walichogombania," aliuliza polepole, "kilitoka na kosa gani?"

"Kiliagizwa kijani cha majani makavu. Kikatoka chekundu cha matofali. Kipenga alipiga kelele hadi ofisini tukasikia. Nili akasema kosa ni la binti yake, ndiye aliyempimia rangi. Akamfokea palepale, mbele ya wasichana wenzake, kwamba ana macho ya mapambo. Tukamhamishia binti kufunga marobota."

Binti wa Nili alikuwa peke yake katika chumba cha marobota, akikaza kamba kwa goti. Alipowaona hakusimama. Alikuwa amevimba macho, na vidole vyake vilikuwa safi, vya mtu aliyeondolewa kwenye rangi.

"Nilishasema sijui kitu," alisema.

"Sijaja kukuuliza kuhusu baba mdogo. Nimekuja kukuuliza kuhusu kile kitambaa chekundu. Ulikosea wewe?"

"Baba alisema nilikosea."

"Nimekuuliza wewe."

Alikaza kamba, ikakatika. Akatafuta nyingine asiione, ingawa ilikuwa mbele yake.

"Kabla hujahamishwa ulikuwa unasimama wapi?" Inspekta aliendelea. "Karibu na baba yako?"

"Karibu."

"Kufanya nini?"

"Kumsaidia."

"Kumsaidia kuona?"

Msichana aliinua uso. Kisha akakaa juu ya robota na kulia kama mtoto, kwa sauti, bila kujificha, mpaka Koplo akajifanya ana shughuli na lenzi yake.

"Mimi ndiye nilikuwa macho yake," alisema hatimaye. "Tangu aanze zile dawa za kifua. Alikuwa ananiuliza chinichini, hii rangi ni nyekundu au kijani? Namwambia. Hakuna aliyejua. Aliniapisha. Siku ile ya kitambaa alikuwa amepima peke yake, mimi sikuwepo hata. Halafu ananigeuka mbele za watu! Afande, niliona aibu, nilitaka kufa."

"Na siku ya ajali?"

"Alikuja hapa mlangoni asubuhi. Akasema, taa imebadilishwa, njoo unisimamie kidogo tu, shemasi wangu. Huwa ananiita hivyo akitaka kitu. Nikamwambia..." Alijifuta kwa kiganja. "Nikamwambia, tumia macho yako mwenyewe, mimi yangu ni ya mapambo."

Inspekta alimwekea mkono begani, akamwambia ajiandae waende wote kituoni.

Njiani alimpigia simu daktari wa zahanati ya jirani. Jibu lilikuwa fupi. Katika dawa za kifua kikuu ipo moja inayoweza, kwa wagonjwa wachache, kuudhuru mshipa wa jicho. Nyekundu na kijani ndizo mara nyingi hutangulia kupotea. Kila mgonjwa huambiwa aje mbio akiona mabadiliko. Nili aliambiwa, na hakuja.

"Kwa nini asije?" Koplo alinong'ona. "Angebadilishiwa dawa, basi."

"Mtia rangi aende kusema haoni rangi?" alisema Inspekta. "Wewe ungeenda?"

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na dirisha refu la juu. Nili aliingia bila pingu. Inspekta alikuwa ameagiza zifunguliwe. Mzee alikuwa amekonda ndani ya siku hizo chache. Inspekta alimwekea mezani vitambaa viwili alivyovichukua kiwandani, kimoja chekundu cha matofali, kimoja kijani cha majani makavu.

"Mzee, nipe kile chekundu."

Nili hakuviangalia. Alivishika, akavipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayepima unga. Inspekta alikumbuka kwamba tangu siku ya kwanza mzee huyu alikuwa akishika kila kitu: kiti, shuka la rumande, hata mkono wa shati la askari. Alidhani ni woga.

"Vyote ni pamba moja," alisema Inspekta kwa upole. "Vimefumwa pamoja. Vidole havitakusaidia."

Mzee alivisukuma vyote viwili kwake.

Kwa nukta moja Inspekta alisikia ile raha ya mpelelezi aliyegonga penyewe. Mara ikageuka, akajiona kama mtu aliyemvua mzee nguo hadharani. Alivikunja vile vitambaa haraka na kuviweka mapajani, chini ya meza.

"Uliona taa imekuwa kijani," alisema.

"Niliona imekuwa kitu." Sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika. "Ilikuwa inang'aa hivi, mvuke ukapita mbele yake, ikawa inang'aa vile. Nikasema ndiyo hiyo. Ningeweza kumuita yeyote aniangalizie. Walikuwepo watu, Afande. Watu wamejaa! Ningesema tu, hebu niangalizie taa. Sikusema. Nikamwambia mdogo wangu amelala, mfunue. Akanijibu, haya kaka. Ndilo neno lake la mwisho hilo. Haya, kaka."

"Kwa nini ulikaa kimya nilipokukamata?"

"Kwani ulidanganya? Nimemuua."

"Niliandika umemuua kwa chuki."

"Iache hivyo hivyo."

"Mzee, hiyo ni kesi ya mauaji. Unajua mwisho wake."

"Iache, Afande, nakuomba." Aliinama mbele. "Nikiwa nimemuua kwa hasira, mama atanilaani lakini atanielewa. Ndugu hugombana. Mtu hupandwa na damu. Sasa nikamwambie nini? Kwamba mwanao amekufa kwa sababu mimi niliona haya? Haya tu! Kwamba nilimtupia kosa binti yangu, nikamtoa mdogo wangu roho, ili watu wasiseme Nili hajui tena rangi?"

Alijifunika uso kwa ile mikono yenye kucha za buluu.

Inspekta aliinuka. "Nitaandika lililotokea," alisema. "Lile la kwanza nililiandika vibaya, na nililitangaza vibaya, na nitaliondoa mimi mwenyewe kwa watu walewale niliowaambia. Uzembe wako utajibiwa mahakamani. Wa meneja na waya wake pia. Koplo ameshatumwa kumchukua, naye atapita katikati ya ua, polepole. Lakini muuaji wa chuki hukuwa." Alifungua mlango. "Na mama yako yuko hapa. Nilimfuata mwenyewe. Nimeshamwomba radhi, hajanijibu."

Bibi aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa mdogo wa umbo, amenyooka, amejitanda nguo nzito ya zamani iliyofifia kwenye mikunjo. Hakukaa. Nili alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Huyu wa polisi alikuja kwangu na hadithi moja," alisema bibi. "Leo kaja na nyingine. Na huyu mtoto analia tu. Nataka nisikie kwako."

"Mama, sioni rangi."

"Macho yako ninayaona, mazima."

"Nyekundu na kijani sizioni, mama. Nilificha. Ndiyo maana nilimwambia afungue."

Bibi alimtazama machoni. Alionekana kutoamini, na alionekana pia kuogopa kuamini. Kisha akaikamata ncha ya nguo yake, akaisogeza mbele kidogo.

"Basi niambie. Niliyojitanda hii ni rangi gani?"

Inspekta alielewa. Binti alikuwa amemsimulia garini: ilikuwa kazi ya kwanza ya Nili, kitambaa cha kwanza kilichokubali rangi sawasawa mkononi mwake bila baka hata moja. Alimpelekea mama, na bibi alikishona pindo kwa mkono, kwa uzi mnene wa kupishanisha. Ukilipapasa pindo lile mara moja tu unajua ni kipi.

Mkono wa Nili ulinyooka wenyewe kuelekea kwenye pindo. Ndivyo alivyokuwa ameishi siku zote hizo, akijibu kwa vidole kile ambacho macho yalishindwa. Vidole vilifika karibu kabisa na uzi. Vikasimama. Kisha akaurudisha mkono, akauficha nyuma ya mgongo.

"Sijui, mama," alisema. Na kwa kuwa binti yake alikuwa anamtazama, na Inspekta, na askari wa zamu pale mlangoni, alisema tena, kwa sauti ya kusikika hadi korido. "Sijui ni rangi gani. Naiona kama majivu."

Bibi alikuwa akipumua kwa mdomo. Akamzunguka mwanawe, akautoa ule mkono nyuma ya mgongo, akaubana ndani ya mkunjo wa nguo yake.

"Nyekundu," alisema. "Ni nyekundu, mwanangu."